Nimepita Kukusalimu Tu

Mpigie simu mtu uliyesoma naye, au binamu yako aliyeko Kilosa, siku ambayo huna shida wala habari. Salamu zitakwenda vizuri: nyumbani hawajambo, kazi zinasogea, mvua zimegoma. Kisha patapita kimya kidogo, naye atalitoa swali alilolishikilia tangu simu ilipoita: "Enhe, kuna nini?" Ukimwambia hakuna kitu, umemkumbuka tu, hatakuamini. Atakaa akisubiri utaje msiba, au mchango, au ile "nisogeze kidogo mpaka mwisho wa mwezi". Ukiaga bila kutaja lolote kati ya hayo, wapo watakaompigia mtu wa tatu kuuliza kama uko sawa.

Nimeliona hili mara nyingi hapa Morogoro, kwa wazee na kwa vijana, na nadhani linaeleza upweke wetu vizuri zaidi kuliko lawama tulizozizoea kuhusu simu janja na kukua kwa mji. Msimamo wangu ni kwamba watu wa Morogoro hawajakosa watu. Wamekosa njia ya kumwendea mtu pasipo tukio. Tumejipanga barabara kwa msiba, kwa harusi, kwa kipaimara na maulidi, kwa mgonjwa akishalazwa wodini. Jumanne isiyo na jambo haina kamati, na mwenye upweke huumia hasa siku hiyo.

Katika kuzika hakuna wa kutufundisha. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya mia moja, nchi nzima ilisimama na mji huu, maombolezo ya kitaifa yakatangazwa, wafariji wakamiminika. Lakini msiba wowote, mkubwa kama ule au mdogo wa nyumba moja, una ratiba yake. Turubai hushushwa, viti vya kukodi hupakiwa, masufuria hurudi kwa wenyewe, arobaini hupita. Mjane anabaki na kitanda kipana. Katiba za vikundi vyetu vya kufa na kuzikana zina faini ya kuchelewa mazishini na zina kiwango cha rambirambi kwa mzazi na kwa mkwe. Umeshaona yenye kipengele cha kumtembelea mfiwa miezi sita baada ya mazishi?

Kutoka Tegetero hadi Kihonda

Anayeitazama milima ya Uluguru kutoka stendi ya Msamvu, mawingu yakiwa yamefunika vilele vyake, hudhani huko juu upweke haujafika. Kijijini watu hujuana, atakwambia. Kweli hujuana, ila Mluguru wa mlimani hajapata kuishi kwa kubanana. Nyumba zimetawanyika juu ya migongo ya vilima, ya huyu upande huu na ya yule ng'ambo ya bonde, migomba na magimbi katikati. Watu waliunganishwa na ukoo, unaofuata upande wa mama, na waliunganishwa na njia.

Njia ilikuwa baraza. Akina mama walioshuka alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani kwenda sokoni mjini walishuka kwa makundi, mwendo wa saa kadhaa, na kabla ya kufika mabondeni ilishajulikana nani hali vizuri, nani mumewe haonekani, nani ameanza kusema peke yake. Siku hizi mkungu unashushwa na bodaboda hadi soko la Mawenzi au la Chifu Kingalu, na mwenye shamba anabaki nyumbani akisubiri ujumbe wa pesa kwenye simu. Nisieleweke vibaya. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka akina mama warudishiwe mzigo ule shingoni. Ila mzigo ulipopanda pikipiki mazungumzo yaliachwa njiani, na hakuna aliyeyatafutia usafiri mwingine.

Vijana nao wameshuka, wengi wao moja kwa moja. Huko juu Tegetero, Kinole, Kibungo Juu au Mgeta utamkuta bibi na wajukuu wawili wanaoshinda shuleni, na kuanzia asubuhi mpaka jioni anaongea na kuku. Huyo walau yuko kwao. Fikiria mzee wa kiume aliyeoa akahamia upande wa mke, akalima ardhi ya ukoo wa mke miaka yote ya nguvu zake. Mke akitangulia, yeye anakaa pale kama nani? Watoto wake ni wa ukoo ule, yeye si wa ukoo ule, na kwao alikozaliwa wanaomfahamu wamekwisha. Wanaume wa namna hii sijaona wakitajwa kwenye mkutano wowote wa kijiji. Hawalalamiki, na kwa sababu hawalalamiki tunasema mzee fulani mpole.

Shuka sasa hadi mjini, Kihonda. Hapa mtu humjua jirani yake kwa rangi ya geti na mlio wa gari. Juni 14, 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa safari isiyofika saa mbili, ilifungua maisha ambayo zamani hayakuwezekana: kushinda kazini Dar na kulala Morogoro, kodi ikiwa nafuu na hewa nzuri. Kwa mfuko wa familia ni neema. Kwa mke aliyeletwa kwenye mtaa ambako hana shangazi wala shoga, mume akirudi watoto wamelala, hesabu ni nyingine. Majirani wanasema anaringa kwa sababu hatoki. Naye hatoki kwa sababu hajui akitoka aende kwa nani.

Kuna pia vijana wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, waliokuja kutoka Kagera, Mtwara au Kigoma wakiwa hawana mtu hata mmoja mkoani hapa. Darasani wako mia tatu. Wikiendi mwenzake wa geto akienda kwao, kijana hukaa na godoro, ndoo na simu. Mama humpigia: umekula? Amekula. Swali la pili haliji, maana katika malezi yetu aliyekula ameshamaliza shida zake.

Anayepiga hodi ana shida gani?

Zamani chumvi ilikuwa na kazi mbili. Ya pili ilikuwa kutoa kisingizio. Mtoto alitumwa kwa jirani na kikombe, akarudi na chumvi na habari. Mtu aliyetaka kuongea alijua aanzie wapi: niazime ungo, nipe kaa la moto. Sasa duka lipo kila kona, chumvi ya mia, mafuta ya kupima, na hakuna sababu ya kugonga kwa jirani kwa jambo dogo. Yamebaki mambo makubwa, na jambo kubwa ni pesa.

Ndiyo maana hodi inatisha. Mwenye nyumba akisikia hodi ya asiyemtarajia hupiga hesabu kabla ya kujibu karibu. Anayepiga naye anajua kwamba anahesabiwa, kwa hiyo akiwa na haya kidogo haji kabisa. Wote wawili wanabaki ndani, mmoja akiogopa kukopwa, mwingine akiogopa kudhaniwa amekuja kukopa. Tunaambiana kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hii tunayoipenda imetuponza. Imetufundisha kuuweka urafiki akiba mpaka dhiki ije. Rafiki wa siku isiyo na dhiki tumemnyima jina.

Halafu kuna mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu. Anayedaiwa na wakopeshaji hao hazungumzi na mtu. Huzima simu, hupitia uchochoroni, huwafundisha watoto kusema mama hayupo. Kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, ambacho kwa wanawake wengi kilikuwa ndiyo safari yao pekee ya kutoka nje kila wiki, anakikimbia kwa kuwa hana marejesho. Programu za simu zilizokuwa zikikopesha kiholela ziliongeza udhalilishaji: ukichelewa kulipa, ujumbe ulitumwa kwa namba zilizomo kwenye simu yako, kuanzia mkwe hadi mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo bila leseni. Hatua nzuri. Lakini aliyekwisha kuaibishwa mbele ya ukoo wake harudishiwi uso na orodha. Huyu asipofuatwa hatakuja.

Ningependa tukubaliane jambo dogo ambalo wengine wataliona la ajabu: kumtembelea mtu mikono mitupu kuwe heshima. Tumejenga desturi ya kutokwenda kwa mtu bila kilo ya sukari, na kilo ya sukari huzaa deni la kilo ya sukari. Mwenye kipato kidogo anashindwa kutembelea na anashindwa kutembelewa, kwa sababu soda ya mgeni ni mboga ya kesho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama onyo kwa mdandiaji. Mimi naiona tiba. Mgeni aliyepewa njegere za kumenya, au mtoto wa kumshika wakati mwenyeji anafua, amepokewa zaidi ya yule aliyekalishwa sebuleni mbele ya televisheni na chupa ya soda.

Si ugonjwa wa Wazungu

Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021, hapa kwetu tulicheka. Wazungu, tukasema, wanakufa ndani na kugunduliwa kwa harufu. Sisi tuna ukoo.

Shirika la Afya Duniani liliunda kamisheni juu ya jambo hili, na taarifa yake ilitoka Juni 2025. Inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka, ambavyo ni kama mia moja kila saa. Hayo yanaweza kukupita. Lililonishika mimi ni jingine: katika nchi za kipato cha chini walioripoti kujisikia wapweke walikuwa karibu asilimia 24, na katika nchi tajiri asilimia 11 hivi. Zaidi ya maradufu, na si upande wa hao tuliokuwa tunawacheka. Tena vijana, hasa wa umri wa balehe, ndio waliotajwa kuathirika zaidi, wakati sisi tukisikia upweke tunamfikiria kikongwe tu.

Upweke wenyewe si ugonjwa. Mtu anaweza kupenda kukaa peke yake akawa mzima kabisa, na mwingine akawa na nyumba ya watu tisa akawa mpweke kuliko mlinzi wa usiku. Ila ukikaa muda mrefu huharibu usingizi, hupandisha presha, huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi, na hufungua mlango wa sonona. Mtu aliyepoteza hamu ya chakula na ya vitu alivyovipenda, halali au analala kupita kiasi, anajiona hana thamani, na hali hiyo ikakaa wiki mbili au zaidi, anahitaji kupelekwa kituo cha afya kama ambavyo angepelekwa kwa homa. Kwetu tunasema ana mawazo, tunamwambia ajikaze. Au tunampeleka kwenye maombi na dua, jambo ambalo silipingi hata kidogo, ilimradi pasiwepo anayemwambia atupe dawa.

Kinachonishangaza ni kwamba mila zetu zilijua kumtenga mtu bila kumwacha. Mwali wa Kiluguru alikuwa akiwekwa ndani, zamani kwa miezi na wengine kwa muda mrefu zaidi. Desturi hiyo iliwakosesha wasichana wengi shule na sina hamu ya kuitetea. Lakini itazame ilivyopangwa: kulikuwa na kungwi, mtu mwenye dhamana ya aliye ndani, kulikuwa na mafunzo, na siku ya kutoka ngoma ilichezwa, kijiji kizima kikampokea. Kijana wa geto aliye ndani kwa hiari yake hana kungwi. Siku yake ya kutoka haijulikani na mtu.

Na hata burudani imebadilika. Morogoro hii ndiyo ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, ndiyo ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Kijana mgeni wa mjini aliweza kuingia ukumbini peke yake akajikuta kwenye duara la wachezaji. Siku hizi kwenye baa kila mmoja ameinamia mkeka wake wa kubeti, na bao likifungwa nusu wanashangilia na nusu wanatukana, hakuna anayeuliza jina la mwenzake. Basi, hilo tuliache, nisije nikaonekana nimezeeka.

Kwa anayesoma akiwa peke yake

Kama mwenye upweke ni wewe, sitakuambia ujichanganye. Ushauri huo hutolewa na watu wenye marafiki. Upweke wa muda mrefu humfanya mtu awe mwepesi kuona anakataliwa: ujumbe usiojibiwa huwa tusi, jirani aliyepita bila kusalimia huwa adui. Kwa hiyo anza mahali ambapo huhitaji kupendwa, unahitaji kufika tu. Kwaya ina siku ya mazoezi, darsa lina saa yake, jumuiya ndogo ndogo ina zamu ya nyumba, klabu ya jogging ina kona ya kukutania. Nafuu ya mahali pa namna hiyo ni kwamba usipoonekana kuna atakayeuliza.

Omba kitu kidogo. Mwombe jirani akuoneshe fundi bomba mwaminifu, mwulize mama wa genge mchicha huu anaupika vipi. Kuomba msaada mdogo kunamwambia mwenzako kwamba ana thamani kwako, na watu huwapenda wale ambao wao wenyewe wamewasaidia. Panda hata nusu ya njia ya mlimani ya Morning Side asubuhi. Mwili uliotembea kwenye jua hulala vizuri zaidi, na usingizi hupunguza nusu ya maneno mabaya ambayo kichwa hujisemea usiku. Pombe ya kunywea chumbani iache, ndiyo rafiki mbaya kuliko wote. Na mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Mmoja anatosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya yanapenda sana kufichwa.

Mabibi wa Mbare

Na kwa asiyeweza kuanza mwenyewe, upo mfano wa kuiga. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi, wataalamu wachache na majengo yasiyo na nafasi katika kitongoji cha Mbare, Harare. Alipewa mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare yalitolewa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa benchini na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka, na Zanzibar ni miongoni mwa sehemu uliko­fika.

Sisi mabibi tunao. Mabalozi wa nyumba kumi tunao, ambao siku hizi huonekana mtu akitaka barua ya utambulisho. Na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hawa ndio watu pekee wanaopiga hodi bila kudai wala kukopa. Wanauliza kuhusu chanjo, vyandarua, ujauzito, kifua kikuu. Waongezewe swali: wiki hii umezungumza na nani? Anayejibu hakuna atembelewe tena wiki ijayo, na anayehitaji hospitali apelekwe. Najua itasemwa kwamba Tegetero wakati wa masika hata pikipiki hupandi. Basi posho ya wa milimani isilingane na ya wa Kihonda.

Lipo na jambo ambalo mhudumu hawezi kulitatua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Matokeo yake familia zinafika hospitalini na mtu aliyekunywa sumu ya shambani, wanasema alikosea chupa, anaoshwa tumbo, anarudishwa kwenye chumba kilekile bila mtu kumuuliza kwa nini. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha kwao kinapingana na Katiba yao. Wabunge wa mkoa huu, ambao kila Bunge la bajeti hutuambia fedha hazitoshi, wana hapa kazi isiyohitaji fungu lolote.